Mgeni Asiye na Uzi

Kwenye filamu, mbwa alipona kwa dakika tatu.
Zilipigwa fidla, theluji ikayeyuka,
bandeji ikafunguliwa, na familia nzima ya watu wa mbali
ikakimbia naye bondeni.
Ghaliya alikuwa amemaliza boksi la tishu.
Suleyim alidai ana mafua.

Kwetu Ibra ilikuwa Alhamisi, mwezi wa saba,
usiku una joto la chungu kilichoepuliwa sasa hivi,
na nyuma ya nyumba, kwenye goli la Muhannad,
kitu kilikuwa kikipumua
kama mtu anayesugua sufuria.

Tulitoka na tochi za simu.
Wavu wa nailoni, ule tulioufunga baina ya mitende miwili
baada ya kuombwa mwaka mzima,
ulikuwa umemshika mguu wa nyuma;
kila alipojikunja ulimkata zaidi.
Tufe la miiba. Damu kidogo, nyeusi,
na sisimizi wamekwisha kupata habari.

Suleyim alifuata mkasi, akarudi, akasita.
Alimtazama mwanawe.
Muhannad, miaka minane, anayelala na mpira kitandani,
alisema kwa Kiarabu: Kata.
Kisha: Wote, baba. Ukate wote.

Mama yangu, Bi Shinuna, alitoka na kanga begani,
akainama kwa kuyabembeleza magoti.
"Kitendawili!"
Hakuna aliyeitika ila mimi. Tega.
"Mgeni wangu kavaa sindano mwili mzima,
hana hata uzi."
Watoto walitumbua macho. Kiswahili wao hukisikia
kama redio ya jirani, ukutani.
"Kalunguyeye huyo," akasema mama,
na Muhannad akalivuka neno silabi moja moja
kama anavyovuka falaji juu ya mawe:
ka, lu, ngu,
akateleza, akaanza tena.

Kliniki ya mifugo haifunguliwi Ijumaa.
Filamu hazina Ijumaa.
Hazina na Jumamosi, maji ya chumvi, pamba,
boksi la maembe ya Pakistani juu ya mashine ya kufulia,
na mtoto anayeamka saa tisa usiku kuuliza
kama bado anapumua.

Jumapili tulikuta foleni ya mbuzi.
Bedui mmoja, ngamia wake kapiga magoti nyuma ya pikapu,
alituuliza tumeleta nini, akacheka mpaka akakohoa.
Kisha akachungulia ndani ya boksi.
Akanyamaza. Akatupisha mbele.

Daktari Elfatih, Msudani, mikono ya kushikia fahali,
alipekua droo tatu kutafuta sindano ndogo.
Mguu haukuokoka.
Alimweleza Muhannad mwenyewe, si sisi,
akimwangalia usoni.
Nyuzi nne.
Nilimpigia mama simu. "Basi," akasema, "keshapata uzi,"
halafu akakata kabla sijamsikia analia.

Wiki sita. Kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu
mende waliitwa riziki.
Bi Shinuna aliwavizia jikoni, ndara mkononi,
akawapeleka kwenye boksi kwa koleo la udi,
na Suleyim, mwanamume mzima, akawa anakimbilia kitandani
na kupandisha miguu.

Tulimwachia usiku, chini ya mndimu.
Alitembea kwa mapigo matatu na pengo,
matatu na pengo.
Yule mbwa wa filamu alisimama kilimani, akageuka,
akamtazama mtoto wake mpaka maandishi yakaanza kupanda.
Wetu hakugeuka.
Muhannad alingoja. Nilimwona anangoja zile fidla.
Kilichosikika ni kiyoyozi cha jirani.

Mwezi wa kumi sasa. Goli bado halina wavu.
Wenzake wanalalamika: mpira ukiingia
unapotelea kwenye majani ya mbuzi.
Yeye ndiye huufuata,
polepole, kichwa chini,
akitazama pa kuweka mguu.