Mchepuko wa Mama

Baba alikuwa mtu wa njia kuu.
Hakuwa na michepuko, ya lami wala ya moyo.
Miaka thelathini na moja, kila Januari,
Bragado hadi Santa Rosa, kwa dada yake,
kioo nusu, redio chini, mguu palepale,
na ndani ya dashibodi daftari la kijani:
Tumeondoka. Tumefika. Lita kadhaa.
Mwendo wa saa tano kasorobo.
Aliyebanwa na mkojo alibanwa hadi Pehuajó.

Mama alikaa kulia, akisoma vibao
kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio:
Coronel Zubiría, kilomita tisa.
Las Toscas Viejas, kilomita kumi na nne.
Hakuna aliyeitika.
Nyuma ya kibao alizeti, alizeti, ng'ombe,
kisha mnara wa maji, mdogo kama kizibo,
nao ukazama.

Mwaka huu usukani ni wangu.
Baba tulimzika Agosti, udongo mgumu kwa jalidi.
Tulipokikaribia kibao, Mama hakusoma.
Alisema tu, "Kata hapa, Gisela."

Lami iliishia kwenye reli isiyo na treni.
Vumbi likapanda, likatuchungulia,
likaingia bila hodi.
Mama alifungua mkoba, akapaka rangi ya mdomo
kama anayekwenda kukutana na mtu.

Saa nane mchana, mji mzima umelala.
Mbwa watatu uwanjani
walituinulia jicho mojamoja, kwa zamu.
Stesheni imeota shamari kati ya mataruma,
na saa yake imesimama saa tatu na dakika saba,
ya asubuhi au ya usiku, nani wa kuapa?

Mzee Eleuterio alitoka klabuni na ndara,
shavuni bado ana alama ya mto.
"Mmepotea?"
"Hatujapotea," Mama akasema. "Tumekuja kutazama."
"Hapa hakuna cha kutazama,"
akajibu, akarudi ndani kuleta funguo.

Funguo za kanisa. Za sinema. Za gari la zimamoto.
Sinema ina viti mia mbili na arobaini, na popo.
Alimkalisha Mama safu ya nne:
"Hiki kilikuwa cha mke wa daktari.
Alilia kila filamu, hata za kuchekesha."
Mama akakikalia kitambo, mikono mapajani,
akilitazama lile pazia tupu
mpaka nikaona haya kumtazama.

Kisha gari la zimamoto: Eleuterio alipiga honi,
mara moja, kwa ajili ya wageni,
na mji ukaamka ukidhani moto.
Akaja kinyozi na mkasi mkononi,
akaja mtoto kwenye baiskeli ya babu yake,
akaja Ofelia wa duka la mikate, amekasirika,
na alipoona ni sisi tu akarudi
kuleta jamu ya tini.

Watu kumi na saba, niliwahesabu.
Kila mmoja alimuuliza Mama ni ndugu wa nani.
"Sina ndugu hapa. Nilikuwa napita."
"Lini?"
"Miaka thelathini na moja."
Hakuna aliyecheka. Ofelia alivuta kiti.

Tuliporudi garini jua lilikuwa limeinama sana,
kule mbali malori yanavuma kama nyuki.
Chupa moja Mama aliiweka kiti cha nyuma.
"Hii ya babako."
"Baba hapendi tini."
"Najua."
Akakaa kimya hadi relini.
"Angebaki humu ndani, injini inawaka," akasema,
"akitungoja kwa hasira. Lakini angengoja."

Nilidhani analia; kumbe anatafuta kalamu.
Chini ya mwandiko wa Baba,
bila kuruka mstari, aliandika:
Zubiría. Mbwa watatu. Kiti cha mke wa daktari.
Jamu chupa mbili, wamekataa pesa.
Akafikiri kidogo, gari likirukaruka,
akaongeza kwa herufi zilizopinda:
Hatujafika.