Paja la Clarrie

Chungu mweusi, miguu ya manjano,
urefu wake ukucha wa kidole changu cha mwisho,
hatembei kama chungu wengine: anaruka,
kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa ameacha jiko linawaka.
Katoka chini ya gogo. Clarrie akasema, "Aa,"
kwa adabu tu,
kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni ya benki.

Nikaendelea kupanga kuni.

Kisha viganja vikamwasha. Shingo ikavaa mabaka.
Akataka kuniambia jambo, sauti ikaja imejikunyata,
na ndani ya kila pumzi, filimbi nyembamba.
Midomo ile nimeibusu miaka arobaini na mmoja.
Hiyo haikuwa midomo yake.

Muuguzi wa Huonville alitupa sindano ya bandia.
Mimi nilijizoeza jikoni, kwenye tofaa.
Tofaa halitetemeki.
Tofaa halikutazami.

"Lala," nikasema. Alikuwa anainuka,
mwanamume wa misumeno, anaona haya
kulala matopeni saa nne ya asubuhi.
"Lala, Clarrie. Pumzi ikikataa, keti, miguu mbele.
Kusimama, hapana. Hata kwenda chooni, hapana."

Nikang'oa kifuniko cha buluu.
Ncha ya chungwa pajani, upande wa nje,
juu ya jinzi iliyolowa mafuta ya msumeno.
Ikalia: ta.
Moja.
Mbili.
Tatu, na hiyo tatu ilikuwa ndefu kuliko misa ya harusi yetu.

Simuni, binti mpole: gari liko njiani, dakika ishirini na tano.
Filimbi ikapungua. Nikamshukuru Mungu mapema mno.
Dakika ya tano ikarudi, na safari hii
macho yake yalikuwa yanatazama mbali, nyuma yangu.

Ya pili ilikuwa ndani ya gari, chini ya ramani.
Muda wake uliisha Machi. Niliitunza
kama unavyotunza ufunguo wa nyumba uliyohama.
"Huna nyingine?" akauliza binti.
"Sina."
"Basi ichome."

Akaanza kutetemeka, meno yanagongana,
moyo unapiga teke mbavu. "Glenys, nakufa," akasema,
na sauti ilikuwa yake.

Dawa ya moto ni moto.
Kumbe kilichokuwa kinanikimbia mwilini mimi,
kinachokausha mate, kinachonipa mikono ya mwizi,
ndicho hicho hicho kilichofungwa kwenye kile kijiti:
hofu, imepimwa, imetiwa sindanoni.
Nilimgawia.

Usiku walimlaza Hobart, wamlinde hadi asubuhi,
maana sumu hii ina tabia ya mgeni aliyesahau mwavuli.
Akaniuliza kama nilimaliza kupanga kuni.

Sikumaliza. Ziko vilevile, na mvua imezinyea.
Suruali nimeifua mara mbili.
Naigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
natafuta matundu mawili.
Siyaoni.