Kisanduku cha Mwaka

Kadi ya usajili yasema sitini na nne.
Gittins haisomi. Anaikunja, anaiweka juu ya kopo la rangi.
"Karatasi," asema, "husema ilichoambiwa."

Amekuja na tochi, kioo cha daktari wa meno,
na magoti ya miaka sabini na mitatu
yaliayo kabla hajainama.
Nje, mvua ya Ludlow haina haraka,
yanyesha kama mtu anayehesabu chenji.

Anaanza na mlango wa dereva. Hauna kitasa kwa nje.
"Vizuri."
Kioo cha dirisha hakipandi wala hakishuki,
husukumwa tu, vipande viwili vikipishana
kama majirani walionuniana.
"Vizuri tena. Sitini na mbili. Labda sitini na tatu, mwanzoni."
Nami nafurahi bila sababu,
kama niliyefaulu mtihani wa mtu mwingine.

Shangazi Winifred alilinunua jipya.
Ndivyo tulivyolishwa, pamoja na viazi vya Jumapili.
Alifundisha hesabu. Hakuolewa.
Kigari chekundu, kifupi hata mbwa wa jirani
alikichungulia kwa juu;
na kiti cha abiria kilikaliwa na kofia yake,
wala hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuiondoa.

Gittins yuko chini sasa. Namwona soli za viatu.
Anataja namba, naziandika kwenye bahasha:
ya injini, ya gia, ya bati dogo lililoliwa na kutu
hadi tarakimu ya tano ikawa tundu.
Kisha kimya.
Kisha, "Hebu niletee wembe."

Anakwangua rangi ya mlango wa kulia, pembeni, pasipoonekana:
nyekundu, na chini yake nyekundu.
Anauzunguka mkia wa gari, anakwangua wa kushoto:
nyekundu, kijivu,
kijani.

Anafunua zulia. Pale abiria anapoweka miguu
mshono wa kuchomelea unapita, mnene, wa mkono wenye pupa,
unapanda hadi nyuma ya kiti.
"Haya ni magari mawili," asema taratibu,
kama anayevua viatu mlangoni.
"Upande wa kulia ni wake. Huu mwingine uliletwa."

Hasemi uliletwa kwa nini.
Hasemi hapa palikuwa na nani.
Anafuta wembe kwa kitambaa, mara mbili, ingawa ni msafi.

Fomu ya bima ipo mezani.
Kisanduku cha mwaka kina nafasi ya tarakimu nne,
na Gittins ananiambia niandike sitini na mbili,
hakuna atakayeuliza.

Naandika.
Kisha napitisha mkono dirishani, upande wa kushoto,
natafuta kamba ya kufungulia, naipata,
sivuti.
Nazunguka, naingia kwa kulia.
Kofia bado ipo.
Vumbi lake, nalo, ni la mwaka gani?