Gego

Jumanne gari la Geddes halikuonekana
kwenye nafasi yake, nambari moja, kando ya mlango.
Kufika saa nne Aberdeen nzima ilikuwa imeshamuuzulu.

Mtu kamwona uwanja wa ndege, na sanduku.
Mwingine ana shemeji benki: anakuja yule mama wa Oslo,
anayejua upepo kuliko gesi.
Hisa, zilizolala tangu Pasaka,
zikaamka, zikapanda asilimia sita.

Effie Buchan, mjane wa fundi wa mitambo ya baharini,
akahesabu hisa zake mia tatu,
akaagiza paa jipya kwa simu.

Geddes alikuwa kwa daktari, aking'olewa gego.
Alirudi alasiri, pamba shavuni.
Wakamuuliza: ni kweli?
Akashindwa kufungua mdomo.

Asilimia nane.

Usiku, ganzi ikimtoka,
aliutazama mstari wa kijani
uliopanda mlima bila yeye,
akapiga hesabu: kiti kitupu
kina bei kushinda yeye akikikalia.

Lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja.
Akavuta karatasi.
Lilikuwa njiani kweli; lilikuwa likitafuta kalamu tu.