Jembe

Aberdeen, Desemba. Saa tisa na nusu alasiri
jua limejiondokea bila kuaga,
na mawe ya mji huu, kijivu juu ya kijivu,
yanafanana na picha tulizopiga asubuhi:
ini, wengu, figo, vyote rangi ya ukungu,
hakuna kinachojitaja jina.

Kazi yangu ni kutafuta mgeni
wa kuingia damuni na taa mkononi.

Tunaye wa zamani, gadolini.
Ana elektroni saba zisizo na wenzi,
na maji ya mwili yakimpitia karibu
yanashtuka, yanang'aa.
Ni sumu akiwa peke yake, kwa hiyo tunamfungia kizimbani,
tunamwambia: pita, angaza, tokea mlango wa figo.
Wengi hutoka, tena upesi mno,
daktari bado amekodoa macho kwenye kioo.
Wachache hawatoki.
Wamekutwa mifupani miaka baadaye,
wamekaa kimya, hawadai, hawalipi kodi,
na sijui wanangoja nini.

Mgeni siku mbili,
siku ya tatu mpe jembe.
Nilipomfasiria Mairi Geddes, mkuu wa maabara,
alicheka hadi miwani ikatumbukia kwenye chai.
Akaandika ubaoni kwa kalamu nyekundu: JEMBE.
Ndilo jina la kizimba namba arobaini na moja.

Ndani yake tumeweka manganizi.
Huyu mwili unamjua, yumo kwenye nanasi, yumo kwenye shayiri.
Elektroni tano tu; taa yake ndogo kidogo.
Basi tumempa mkia mrefu
wa kushikilia protini ya damu,
asafiri polepole, akae saa tatu,
kisha mkia ukatike
aende zake na virago vyote.

Nasema ukatike kana kwamba ni uzi wa kushonea.
Kizimba cha tatu kilifunguka kwenye asidi.
Cha kumi na tisa kilikataa kuyeyuka.
Cha thelathini nilikimwaga mwenyewe,
kiwiko kiligonga chupa,
na sijamwambia mtu mpaka leo.

Kila Jumatano huja Innes Duthie,
dereva mstaafu wa treni ya Inverness.
Figo zake zimebaki na nguvu kidogo,
hospitali haithubutu kumpa yule wa zamani.
Anakunja mkono wa shati la kushoto,
anatupa damu ya kujaribia.
Aliniuliza, litakuwa tayari lini?
Nikasema miaka kumi, mambo yakienda vizuri.
Ana miaka sabini na minne. Akahesabu, akavaa kofia.
"Treni yangu haijawahi kuchelewa hivyo," akasema.
Jumatano iliyofuata akaja.

Leo damu yake, kijiko kimoja ndani ya bomba la kioo,
imelala kwenye sumaku.
Saa ya kwanza, nyeupe.
Saa ya pili, nyeupe.
Saa ya tatu Mairi aliacha kuzungumza.
Ndipo tukakata mkia, tukachuja, tukahesabu
kama kondakta anayehesabu abiria walioshuka.
Walioingia, mia.
Waliotoka, tisini na tisa na kitu.

Mairi amekwenda kununua keki.
Mimi nimevaa koti, nimefika hadi kituo cha basi,
theluji imeanza kunijaa mabegani.
Tisini na tisa na kitu.
Basi langu limekuja, limefungua mlango, limenisubiri, limeondoka.
Ninarudi ndani
kumtafuta aliyebaki.