Ila Mtaje Jina

Ufunguo niliukuta ndani ya kopo la vifungo,
umeshika kutu shingoni.
Miaka sita.
Nje, Tartu ilikuwa na theluji ya Machi,
ile chafu, isiyotaka kuondoka wala kukaa,
na mto Emajõgi ukipasua barafu yake
kwa sauti ya mtu anayevunja kashata.

Sikwenda kwa hiari. Barua ndiyo iliyonituma.
Mwalimu mmoja wa Paragwai anaandika:
"Nimemtafuta huyu Bibi Urve Saarnits nimshukuru.
Mchoro wake wa korongo
watoto wangu wanaupaka rangi, mwaka wa nne sasa.
Mmoja alimvika korongo viatu.
Mlisema ruhusa. Mlisema chukueni, badilisheni,
gaweni, ila mtaje jina.
Basi tunalitaja kila Jumatatu,
ingawa ndimi zetu hazijaliweza."

Urve tulimzika vuli ya mwaka juzi.
Watu tisa makaburini, na mimi nilichelewa.

Ngazi kumi na nne, juu ya karakana ya baiskeli.
Mlango uligoma; nikaupa bega.
Chumba kikanitazama kama mdai.
Kalenda imekwama Oktoba,
skana imefunikwa shuka la maua,
vikombe vitano, kimoja na chai iliyoota ngozi,
na masanduku: noti za kodiani,
picha za kioo za mtu wa Võru asiye na mrithi,
vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha
na havina wa kuvizuia tena,
wala wa kuvifungua.

Laiti tungegombana.
Tulikwisha kama sabuni inavyokwisha,
kila mtu akidhani kipande cha kesho kipo.
Taavet alipata kazi Oulu. Maarika alipata mapacha.
Villu alichoka kubisha hodi kwa wenye fedha
waliouliza, "Mkigawa bure, mnakula nini?"
Mimi sikuwa na sababu.
Hilo ndilo linaloniuma.

Nilidhani tulipolala kazi ililala nasi.
Kumbe korongo hakuwahi kutua.

Nikapiga simu.
Taavet hakupokea.
Maarika alicheka, kisha akanyamaza;
nikasikia maji ya sinki lake yakichuruzika,
na mtoto akilia kwa hasira ya kijiko.
"Siku gani?" akauliza.
Villu alisema hapana.
Akasema hapana tena, kwa adabu zaidi.
Halafu akataka kujua kama redieta bado inavuja.

Alhamisi tukawa watatu.
Wa nne ni Ardo, fundi wa chini,
aliyepanda kuuliza nani anakanyaga dari yake,
akabaki. Mikono yake ni grisi tupu,
tukamkataza karatasi, tukampa tochi.
Nilisoma barua. Nilipofika kwenye viatu
Villu aligeukia dirisha
akaanza kukwangua rangi ya fremu kwa ukucha.

Hakuna aliyeapa kitu.
Tulibishana juu ya bili ya umeme.
Maarika aliosha vikombe vyote vitano;
cha Urve alikikausha kwa muda mrefu
kuliko kikombe kinavyohitaji,
kisha akamtilia Ardo chai humo humo.
Nilitaka kusema neno. Sikusema.

Skana ikakohoa, ikanuka vumbi lililoungua,
taa yake ikatambaa chini ya karatasi ya kwanza:
polka, wino wa kahawia,
na pembeni herufi mbili tu, J. K.

"Andika hajulikani," Villu akasema, "twende mbele,
masanduku ni kumi na moja."
Nikamwonyesha ukuta.
Maneno yetu yalikuwa bado pale, chaki imefifia,
mwandiko wa Urve unaopanda mlima kila mwisho wa mstari.
Akayasoma kama aliyeandikiwa yeye.
Akavua koti.

Saa tano usiku, redieta ikidondosha tone
kwenye sufuria ya Ardo,
tulikuwa bado kwenye karatasi ya kwanza,
tunamtafuta J. K.