Mizani ya Mbata

Mimi, Taoati, karani wa ghala la ushirika,
Onotoa, upande wa magharibi,
nimepima mbata miaka kumi na tisa.
Gunia likining'inia kwenye kulabu
mshale hutetema, husita, hukaa,
nami huandika pale unapokaa,
si pale mtu anapotamani ukae.

Leo Bureimoa ameleta magunia matatu.
Mgongo wake nao ungepimwa, ungeleta kitu.
Amepasua nazi tangu Jumatatu,
akaanika, akaanua mvua ilipotishia, akaanika tena,
na harufu ya mafuta yaliyochacha
imemganda, hata kanisani watu humpisha.
Kilo mia moja thelathini na mbili.
Nampa karatasi. Anavuka uwanja, hatua ishirini,
mpaka dukani kwa shemeji yangu Rotia,
na karatasi inageuka mchele, sukari,
betri mbili, na makopo sita ya samaki.

Samaki!
Nyuma ya duka bahari inapumua.
Usiku tunaziona taa za meli za watu,
mji mzima unaoelea, usio na kanisa,
zinavuta jodari kwa tani, kwa kibali, kwa malipo halali;
risiti iko Tarawa, nasikia ina mhuri mzuri.
Na malipo yale ya kibali
ndiyo serikali inayochota kupandishia bei ya mbata
ili Bureimoa apate cha kununulia kopo
la samaki aliyepita mbele ya mlango wake
akaenda ng'ambo kuvishwa bati,
akarudi akidai nauli.
Nimelichora duara hili nyuma ya daftari.
Sijaona pa kuingilia, wala pa kutokea.

Mwaka juzi alikuja mtaalamu,
bwana mpole, mwenye kikokotoo na dawa ya mbu.
Alisema bei yetu si bei, ni ruzuku;
soko likiachwa lipumue litasema kweli.
Nikamuuliza: na siku likisema kweli, tutakula nini?
Akacheka vizuri. Akaandika.
Jioni tukamtandikia mkeka mpya, tukampa kaa mkubwa,
naye akapita kila kaya akiuliza:
mnapata kiasi gani kwa siku?
Moaniba alifikiri sana, asije akamwaibisha mgeni,
kisha akajibu: "Siku gani?"

Sisemi zamani kulikuwa na heri.
Zamani mama yangu alizika watoto wawili
mwaka visima vilipogeuka chumvi,
na leo tuna tangi, la msaada,
lenye jina la nchi nyingine ubavuni.
Sisemi pia kwamba tumefika.
Ioteba alikuwa akikwea minazi mitatu kabla ya chai.
Mguu wake ameuacha hospitali, Tarawa;
sukari iliula kwa ndani, polepole,
kijiko kwa kijiko, kwa bei nafuu.
Nimetazama hesabu za mwaka, ukurasa kwa ukurasa.
Mguu ule haumo.

Saa tisa alasiri nafunga vitabu.
Muuguzi Kaobunang anakuja mbio, kama kila Alhamisi,
maana mizani ya zahanati ilikufa
na kipuri kinangoja meli.
Tunaisugua kulabu kwa maji ya moto,
tunafunga shuka safi,
na mtoto wa Bureimoa, wa miezi miwili,
ananing'inia palipokuwa gunia,
ananukia nazi mbichi,
anarusha miguu, yote miwili.
Mshale unatetema. Unasita.
Wanaume walioketi juu ya mbata wananyamaza.

Kilo nne na robo tatu.
Kadi za kliniki ziliisha mwezi uliopita,
basi naandika mimi, daftarini, chini ya baba yake:
safu ya jina, safu ya uzito.
Safu ya bei nimeiacha wazi.